Picha ya alama 41 niliipiga mimi

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Wiki mbili zilizopita msomaji mwenzangu wa Iringa, aliyejitambulisha kuwa ni mwalimu, alisifia programu za kompyuta zinazochambua picha ya uso na kutoa majibu kuhusu mwenye uso: huyu mvumilivu, huyu mwongo, huyu mchapakazi, huyu ana kipaji cha hesabu. Akapendekeza wanafunzi wa darasa la tano wapigwe picha wote, wachambuliwe, kisha wapangwe kwa kufuata majibu hayo. Mwalimu ana nia njema, barua yake inaonyesha. Ila mimi riziki yangu ni pasipoti saizi, hapa Mwanjelwa, tangu 1991, na picha mojawapo iliyopitishwa kwenye mashine ya namna hiyo ilitoka kwenye kamera yangu. Mwenye uso aliumia. Nami nina fungu langu la lawama, ndiyo maana naandika.

Ilikuwa Julai ya mwaka jana, ile baridi ya Mbeya inayopasua midomo hata ukipaka mafuta. Kampuni moja ya mikopo midogo, ambayo sitaitaja, ilianza kuwatuma waombaji wake studio kwangu. Kila mmoja anakuja na maelezo yaleyale: picha ya uso, bila miwani, bila kilemba, usicheke, nakala itumwe kwa WhatsApp kwenye namba ya ofisi. Nilifurahi. Wateja kumi kwa siku msimu wa baridi si haba, na sikuuliza picha zinakwenda kufanya nini. Nilijua pasipoti saizi inagundishwa kwenye fomu, inagongwa muhuri, imekwisha hiyo.

Siku hiyo akaja mama mmoja muuza ndizi. Namfahamu kwa sura tangu soko la Mwanjelwa halijaungua. Anaamka saa tisa usiku, anafuata ndizi Kiwira, saa mbili asubuhi meza yake imeshapangwa. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri. Nikamwomba asubiri, akasema mzigo amemwachia mtoto na mtoto hajui bei. Basi nikamkalisha kwenye stuli karibu na dirisha, nyuma yake shuka la bluu, nikapiga kwa mwanga wa dirisha peke yake. Shavu la kulia likatoka vizuri. La kushoto likazama gizani, na chini ya macho yote mawili pakawa na vivuli kama vya mtu aliyepigwa. Stendi ilikuwa imevunjika mguu, kamera niliishika mkononi, chini kidogo ya usawa wa macho yake. Nikaitazama, nikaona inatosha. Ni picha ya fomu tu.

Baada ya siku tatu alirudi. Nilimpa kiti, hakukaa.

"Fundi, picha yako imeninyima mkopo."

"Kivipi, mama?"

"Wameniambia mashine imeikataa sura yangu, eti haiaminiki. Nikawaambia sura hii nimepewa na Mungu, nyingine sina."

Nilifunga studio nikaenda naye. Kijana wa pale ana adabu, shikamoo mzee, marahaba, akatuvutia viti, akageuza kioo cha kompyuta tuone wote. Picha yangu ilikuwa pale, imezungushiwa mstari wa kijani, vitone vidogo vimetapakaa kwenye nyusi, pua, midomo na kidevu. Pembeni imeandikwa: Uaminifu 41. Kiwango cha kampuni ni 60. Nikamwuliza mashine imeona nini kwenye uso huu. Akanijibu, "Mzee, hii ni akili mnemba, inajua yenyewe." Nikamwuliza kama mama huyu amewahi kukopa mahali asilipe. Hakuwa na jibu, kwa sababu hakuna aliyemwuliza. Mama ana miaka kumi na mbili kwenye kikoba cha wanawake wa sokoni, na kwa minne kati ya hiyo alikuwa mmoja wa washika funguo watatu wa sanduku.

Hapo ubishi wa fundi ukanipanda. Kesho yake umeme ulikuwepo. Nikamkalisha mama yuleyule, kitenge kilekile, stuli ileile. Taa kubwa kushoto, ndogo kulia. Karatasi ya manila nyeupe nikamwekea mapajani, isionekane kwenye picha, irudishe mwanga chini ya macho. Mbinu ya kizamani, gharama yake ni manila moja. Kamera nikaipandisha juu kidogo ya macho yake, nikarudi nyuma hatua mbili, nikavuta kwa lenzi. Halafu nikamwuliza kama mjukuu ameanza kutembea. Hakucheka, ila uso ulilegea. Nikabofya.

Kijana aliipitisha, maana naye alitaka kuona. Uaminifu 73.

Mama hakuwa amelipa wala kukopa hata senti moja tangu jana yake. Kilichoongezeka ni taa na manila.

Sikuishia hapo. Kwenye simu nilikuwa na picha ya shemeji yangu niliyompiga kwa ajili ya kadi za harusi: suti, taa tatu, uso nimeulainisha kwenye kompyuta mpaka unateleza. Shemeji huyu nilimkopesha hela ya matengenezo ya bajaji, na tangu hapo akiniona pale Kabwe anavuka barabara. Uaminifu 88. Nilicheka mpaka mlinzi akachungulia. Mama hakucheka.

Sasa niseme mashine inaona nini, maana mwalimu ameandika kana kwamba ina macho kama yake. Pasipoti saizi ya milimita 35 kwa 45, ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi, ina nukta 413 kwa upana na 531 kwa urefu. Ukizidisha unapata zaidi ya laki mbili na elfu kumi na tisa. Kila nukta ni namba tatu, ya nyekundu, ya kijani na ya bluu, na kila namba iko kati ya 0 na 255. Mle ndani hakuna mama, hakuna Kiwira, hakuna saa tisa usiku. Kivuli chini ya jicho ni namba ndogo, paji la uso lililopata mwanga ni namba kubwa. Programu inatafuta mahali namba zinaporuka ghafla, inatambua hapo ni ukingo wa jicho au wa mdomo, inapanga vitone vyake na kupima umbali kati ya kitone na kitone. Mpaka hapo naishangilia, kazi hiyo inaifanya haraka kuliko fundi yeyote.

Kasoro iko kwenye hatua inayofuata. Mashine nyingi za kutoa alama za tabia zimefundishwa kwa mafungu ya picha ambazo watu walikwisha kuzitazama na kuandika: huyu anaonekana mwaminifu, huyu haonekani. Watu hao hawakuwajua waliomo kwenye picha. Walikisia, kama unavyomkisia abiria mwenzako ndani ya daladala. Mashine ikakariri makisio yao, ikayageuza namba, na namba ikishaandikwa kwenye kioo hakuna anayeibishia.

Tena uso kwenye picha unategemea mimi nimesimama wapi. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walipiga hesabu wakaonyesha kwamba picha ya simu iliyoshikwa futi moja kutoka usoni inaikuza pua kwa takriban asilimia 30 kuliko picha iliyopigwa futi tano. Sisi wa studio tulilijua hilo bila hesabu, ndiyo maana tunarudi nyuma. Kama pua ya mtu inakua kiasi hicho kwa sababu tu ya ufupi wa mkono wake, mwalimu atakipima wapi kipaji cha hesabu?

Nisieleweke kwamba napinga kupima watu kwa picha. Lile duara la rangi la jicho lina upana wa karibu milimita 12 kwa watu wazima wengi mno, hivyo programu inaweza kulitumia kama rula ikatoa umbali kati ya mboni na mboni, na fundi miwani akapata kipimo chake. Moyo ukidunda, damu inaingia usoni na rangi ya ngozi inabadilika kidogo sana. Jicho haliioni, kamera inaiona, na tangu 2008 watafiti walishaonyesha kuwa kamera ya kawaida na mwanga wa kawaida vinatosha kuhesabu mapigo. Mwaka 2018 watafiti wa Google walichukua picha za nyuma ya jicho na kompyuta ikakadiria umri wa mtu kwa kukosea, kwa wastani, chini ya miaka minne. Ikatambua hata kama jicho ni la mwanamume au la mwanamke, jambo ambalo madaktari wa macho hawakuwa wakilisoma pale. Na tangu 2021 Shirika la Afya Duniani limekubali kompyuta isome picha za eksirei za kifua kuwachuja wanaohisiwa kuwa na kifua kikuu, kwa watu wa miaka 15 na kuendelea.

Vyote hivyo vina mahali pa kuhakikia. Mapigo, shika mkono uhesabu. Umri, lete cheti cha kuzaliwa. Kifua kikuu, makohozi yanakwenda maabara. Uaminifu wa 41 unauhakiki kwa kitu gani? Mama amenyimwa mkopo, kwa hiyo hata nafasi ya kuulipa ili aiaibishe mashine hakupewa.

Na jambo lenyewe ni la zamani kuliko kompyuta. Mwaka 1876 daktari Mwitaliano, Cesare Lombroso, alidai kwamba kuna watu wanaozaliwa wahalifu na kwamba utawatambua kwa taya, paji la uso na masikio. Muda si mrefu Mwingereza Francis Galton, huyohuyo ambaye baadaye alisaidia kueneza matumizi ya alama za vidole, alichukua picha za wafungwa akazipiga zote juu ya bamba moja, moja juu ya nyingine, kila moja kwa muda mfupi. Wazo lake lilikuwa kwamba kilicho cha mmoja kitafifia na kilicho cha wote kitabaki, na hicho kitakachobaki ndicho sura ya uhalifu. Alichopata, na alikiri mwenyewe mwaka 1878, ni uso wa mtu wa kawaida, tena mzuri kuliko nyuso zilizouzaa. Ubaya wote ulikuwa umefutika njiani. Nami niliwahi kufanya jaribio la Galton bila kukusudia, filamu iliponikwama ndani ya kamera: bibi harusi wa Uyole akatokea ameshikwa mkono na bwana harusi wa Mbalizi. Nilirudisha hela za harusi zote mbili.

Liko na la rangi ya ngozi. Nilipofundishwa kusafisha picha za rangi, ukutani kwenye maabara palikuwa na kadi yenye picha ya mwanamke Mzungu. Unairekebisha mashine mpaka ngozi ya yule dada itoke vizuri, basi mashine iko sawa. Mafundi wa nchi nyingi waliiita kadi hiyo Shirley. Mtu wa kwetu akipita kwenye mashine iliyopangwa kwa Shirley alikuwa anatoka meno na macho, kwingine kote lami. Tukajifunza kuiibia mashine, huku unaongeza, kule unapunguza, mpaka mteja ajitambue.

Nilidhani Shirley alizikwa pamoja na filamu. Mwaka 2018 Joy Buolamwini wa chuo cha MIT na Timnit Gebru walizipima programu tatu za kibiashara zilizokuwa zikikisia jinsia kutokana na uso. Kwa wanaume weupe makosa hayakuzidi asilimia 0.8, kwa wanawake weusi yalifika hadi 34.7. Desemba 2019 taasisi ya vipimo ya serikali ya Marekani, NIST, ilitoa matokeo ya kupima programu 189 za kutambua nyuso, ikakuta kwamba kosa la kuwachukulia watu wawili tofauti kuwa ni mtu mmoja lilikuwa juu zaidi kwa watu wa Afrika Magharibi, Afrika Mashariki na Asia ya Mashariki. Afrika Mashariki, Mhariri, ndio sisi. Na pale mashine iliulizwa swali jepesi kabisa: ni huyu au siye? Haikuulizwa kama atalipa deni.

Hao wenye mashine nao wameanza kurudi nyuma. Juni 2022 Microsoft ilitangaza kwamba inaondoa kwenye huduma yake ya uso uwezo wa kukisia hisia za mtu, na hata jinsia na umri. Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 2 Februari 2025, umepiga marufuku mashine za kusoma hisia za watu kazini na shuleni, isipokuwa kwa sababu za tiba au usalama. Mwalimu, shuleni. Wenzetu wamelifunga dirisha, wewe unataka tuingilie hapohapo.

Nimepiga picha za kumaliza darasa la saba miaka mingi, kwenye shule za mjini na za kule juu milimani. Mtoto aliyeshuka mlima asubuhi ya ukungu, miguu imelowa, hajanywa chai, uso wake unakaa hivi: macho yamefinywa, taya imekaza, mdomo umebana. Mashine itamwandika mkaidi. Mpe uji, msogeze juani, saa nne mpige tena, utapata mtoto mwingine. Mwalimu anaye kwa mwaka mzima, anaona madaftari yake, anajua baba yake amehamia Tunduma na nani anampikia. Sielewi anachotafuta kwangu.

Sheria tunayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taarifa za kibayometria, yaani vipimo vya mwili kama uso na alama za vidole, imezihesabu kuwa taarifa nyeti, pamoja na taarifa za watoto. Inampa mtu pia haki ya kutaka uamuzi unaomgusa usitokane na mashine peke yake. Mama wangu wa ndizi hakuambiwa lolote kati ya hayo. Aliambiwa usicheke. Nami niliyempiga sikuambiwa, wala sikuuliza, na hilo la kutouliza ni langu. Siku hizi nauliza. Akija mtu ametumwa picha ya uso na kampuni, namwuliza inakwenda kufanya nini. Kama hajui, namwandikia kwenye karatasi swali la kuwapelekea: picha hii itapita kwenye mashine gani, itatafuta nini, na mtu yupi ataitazama baada ya mashine? Wapo waliorudi na jibu. Wapo ambao ofisi imewaambia waende studio nyingine, na ile idadi ya wateja kumi kwa siku imeshuka hadi wanne. Naomba wapiga picha wenzangu wa Mbeya, Njombe, Songea na kwingineko wajaribu hilo swali, tupungukiwe wote.

Mkopo mama hakuupata pale. Alama 73 haikumsaidia, kijana alisema mfumo unahifadhi picha ya kwanza na yeye hana ruhusa ya kuibadilisha. Alikopa kwenye kikoba, kwa watu wanaomjua, akanunua mzigo, na kabla ya Krismasi alikuwa ameshamaliza kulipa. Januari akaja studio na binti yake wakitaka picha kubwa ya kutundika sebuleni. Nikamfungulia zote mbili kwenye kompyuta, nikijua atachagua ile ya manila. Akazitazama kwa muda, akaniambia, "Huyu wa pili ni mama wa harusini. Mimi nikitoka Kiwira nipo hivi," akagusa kioo kwa kidole, penye kivuli. Nikaikuza inchi kumi kwa kumi na mbili, nikaitia fremu ya mbao. Nilimtoza fremu tu. Akasema ndaga fijo, asante sana kwa Kinyakyusa, akaibeba mwenyewe.

Mpiga picha wa siku nyingi,
Mwanjelwa, Mbeya